Unga wa uyoga unatibu ubongo na neva? Soma kabla hujanunua

Ikiwa unaishi Kagarama au mtaa mwingine wa Kigali, huenda umeshaletewa, mlangoni au kwenye WhatsApp, unga au kahawa ya uyoga inayosemekana kutibu kusahau, ganzi ya miguu, kiharusi na hata kifafa. Kabla hujatoa pesa ya kodi au ya chakula, jua utafiti umefika wapi.

Uyoga unaosifiwa zaidi kwa ubongo ni ule mweupe wenye manyoya marefu kama ndevu, ambao Wajapani huuita yamabushitake. Katika maabara, kemikali zake huchochea seli kutengeneza protini inayosaidia neva kukua. Sifa nyingi zinatoka hapo, lakini seli za maabara si mtu mzima.

Kwa watu, jaribio linalotajwa sana lilifanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2009. Lilihusu watu 30 wa miaka 50 hadi 80, walioanza kusahausahau. Nusu walipewa gramu 3 za unga huo kila siku kwa wiki 16, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliokula uyoga walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kupima akili. Wiki 4 baada ya kuacha, alama zao zilishuka. Ni habari ya kutia moyo, ila watu 30 ni wachache mno, na jaribio hilo halikuwa la kutibu kiharusi wala kifafa.

Huko Singapore, utafiti wa mwaka 2019 uliwaangalia wazee zaidi ya 600. Waliokula uyoga zaidi ya mara mbili kwa wiki walionekana kuwa na matatizo machache ya kumbukumbu. Huenda ni uyoga, huenda ni kwamba watu hao hula vizuri kwa jumla. Jambo zuri ni kwamba ulikuwa uyoga wa kawaida wa kupika, ukiwemo ule unaolimwa Rwanda kwenye imigina na kuuzwa sokoni kama ibihumyo. Ukiupenda, upike ule. Usiokote wa porini usioujua: sumu ya baadhi haiishi kwa kuchemshwa.

Shida kubwa ni pale unga unapochukua nafasi ya dawa. Ganzi au miguu kuwaka moto inaweza kutokana na kisukari. Inaweza pia kuletwa na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, na hapo kinachosaidia ni vitamini B6 kutoka kwa mhudumu wa afya. Usiache dawa ya kifua kikuu, mwambie tu unavyojisikia. Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo, na hilo linaua. Na kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, uyoga uitwao reishi unaweza kukuongezea hatari ya kutokwa na damu.

Anzia kituo cha afya, ukiwa na kitambulisho chako na mituweli. Beba na pakiti ya unga, uionyeshe bila aibu. Wakiona inafaa, watakuandikia uhamisho, kwa mfano kwenda hospitali ya Ndera, inayotibu kifafa na magonjwa ya akili. Lakini uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, usisubiri uhamisho: piga 912, gari la wagonjwa lije.