Mtoto Si Nusu ya Mtu Mzima



Majumbani mwetu, mtoto akishikwa na homa, aghalabu kidonge cha baba huvunjwa kati, akapewa nusu. Twadhani tumefanya hisabati ya haki.

Wataalamu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoko Nairobi, pamoja na shirika la DNDi, wametuonyesha kasoro ya hisabati hiyo. Walichunguza kalaazar, maradhi ya kimelea yaenezwayo na usubi. Huvimbisha wengu, na yasipotibiwa huua. Ilidhihirika kuwa watoto wakipewa dawa ya kumeza, miltefosine, kwa kila kilo sawasawa na wakubwa, dawa huwa pungufu damuni mwao. Na dawa pungufu humwachia kimelea nafasi ya kurudi.

Basi watoto 30 wa miaka 4 hadi 12 wakatibiwa siku 28 huko Kacheliba, Kenya, na Amudat, Uganda, kipimo kikikadiriwa kwa uzito, urefu na jinsia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha dawa ikikaribia kiwango cha wakubwa.

Tazameni: mdogo alihitaji zaidi kwa kila kilo. Ziko dawa nyingine zilizo kinyume, hukawia katika ini changa la mtoto mchanga zikawa sumu.

Kwa hivyo mama, usikisie. Mpime mwanao, mtajie tabibu uzito wake, na umalize dawa kama ulivyoelekezwa. Mtoto ni amana, na amana haipimwi kwa macho.