Je, Wajua? Safari za Pingili

Je, wajua kwamba mkulima wa Kwala anayemwomba jirani "mbegu ya muhogo" hapewi mbegu? Anapewa mti. Unakatwa vipande vya sentimita 20 hadi 30, kila kimoja na vifundo 5 hadi 7, na kila pingili inazaa mti mzima. Ukipanda kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, ekari moja inameza pingili 4,000 hivi. Ndiyo maana vuli ikinukia unakutana na bodaboda aliyefunga mzigo wa miti ya mihogo kwa kamba ya mpira, ncha zinatikisika nyuma yake na utomvu mweupe umeganda kwenye mikato. Upande wa pili makontena yanaingia Bandari Kavu ya Kwala yakiwa na nyaraka zake zote. Mzigo wa bodaboda hauna karatasi hata moja, nao ndio utakaolisha nyumba mwakani.

Je, wajua kwamba pingili uliyopewa na jirani, ukaikuza, kisha ukamkatia shemeji yako kule Mzenga, bado ni mti uleule mmoja? Haukuzaliwa upya. Sifa zake zote zimehama nao: utamu, uchungu, wepesi wa kukomaa. Na maradhi yake pia yamehama.

Hapa naomba tusimame kidogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza na mtafiti H. H. Storey mwaka 1936, katika kituo cha Amani, milima ya Usambara. Ubaya wake ni kwamba shina na majani yanaweza kukuonyesha afya njema miezi yote. Siku ya kuchimba unaukata muhogo na kukuta mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Hata mbuzi humpi kwa moyo mkunjufu. Inzi weupe hueneza virusi vyake kutoka shina hadi shina na shamba hadi shamba, lakini safari ndefu, ya kutoka wilaya hadi wilaya, hufanywa na mkono wa mtu mkarimu aliyebeba mbegu kwenye gari. Kwa hiyo kabla hujagawa, chimba mashina machache na ukate mizizi yake uitazame. Ukiona baka, usigawe, na shina hilo ling'oe. Ukiwa na shaka, nunua pingili kwa mzalishaji ambaye shamba lake limekaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu.

Je, wajua kwamba pingili za miwa huogeshwa? Huzamishwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa 2, ili kuua vimelea vya ugonjwa unaodumaza maotea. Moto ukizidi kidogo, macho ya muwa yanakufa. Ukipungua, kimelea kinapona. Utafiti wa miwa nchini una makao yake hapahapa Kibaha, kwenye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo.

Mkonge je? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche midogo 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulikuwa kama tani 230,000. Kila nikiona kamba ya katani nawaza ile miche 938 iliyokufa njiani.

Je, wajua kwamba kuna ua la kwetu linalosafiri ndani ya bahasha? Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alikuta maua madogo ya zambarau kwenye mawe yenye kivuli, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia. Leo limo madirishani duniani kote, na wapenzi wake hutumiana jani moja tu kwa posta. Kikonyo cha jani kikichomekwa kwenye udongo laini wenye unyevu, mizizi hutoka ndani ya wiki chache, kisha vitoto vinachomoza pembeni. Huku kwao misitu inakatwa, na baadhi ya jamii zake za porini zimebaki kwenye vipande vidogo sana vya mlima. Hilo linauma.

Mwani wa Zanzibar nao hupandwa kwa vipande, kila kimoja kikifungwa kwenye kamba baharini. Mbegu ya kilimo cha biashara ililetwa kutoka Ufilipino, kikaanza mwaka 1989.

Je, wajua kwamba hata mbao iliyokufa hudaiwa ushahidi wa afya? Tazama paleti zinazobeba mizigo ya makontena: utaona muhuri wenye suke la ngano na herufi HT. Maana yake mbao hiyo ilipashwa moto hadi nyuzi 56 kwenye kiini, kwa dakika 30, ili wadudu wasivuke mpaka.

Na ndugu yako aliyeko Ulaya akikuomba shina la mchaichai, jua kwamba tangu tarehe 14 Desemba 2019 karibu kila mmea unaoingia Umoja wa Ulaya lazima uwe na cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Matunda yaliyosamehewa ni 5 tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani.

Ugumu huo una sababu. Miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu wa Amerika Kusini, alionekana Kongo na kusambaa nusu ya bara. Aliyeokoa mihogo ni nyigu mdogo sana, aliyepatikana Paraguay mwaka 1981 na kuachiwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Sasa kufunga mzigo. Marando ya viazi yafungie kwenye gazeti lenye unyevu, si lililolowa, maana maji mengi huozesha kabla basi halijafika Chalinze. Kipande cha mnyaa kiache kikauke mkato siku kadhaa kwanza, na utomvu wake usiguse jicho. Miti ya mihogo itume mizima, usiikate pingili mpaka siku ya kupanda; ikisubiri, isimamishe kivulini, vitako vikiwa vimegusa udongo. Tena pingili iliyochomekwa kichwa chini huhangaika kuchipua, na mwenzako anayepokea mzigo stendi ya Mlandizi hakuwepo ulipokata. Kila mti ukate chini kwa mshazari na juu uwe bapa, atajua pa kuchomeka.