Abiria ni Mzigo Wenye Miguu

Pantoni ya Kigamboni, Dar es Salaam, ikikaribia gati, abiria huwa wameshainuka kitambo. Bodaboda zimewashwa, wachuuzi wamejitwika mabeseni, na umati mzima umesogea mlangoni, kila mtu akitaka kuwahi daladala. Wakazi wa Tungi, Mji Mwema na Kibada wameyazoea haya tangu Kigamboni ikiwa bado sehemu ya Temeke, na siku nyingi hupita salama. Lakini kwa mhandisi wa vyombo vya majini, huo ndio wakati wa kukodoa macho kuliko mwingine wowote katika safari.

Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ilipokuwa inakaribia kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, ikitoka Bugolora siku ya soko. Iliruhusiwa kubeba abiria 101, lakini siku hiyo ilibeba zaidi ya 260. Walikufa watu 228, wakanusurika 41. Taarifa za siku zile zilieleza kuwa abiria walihamia upande mmoja walipoona wanafika. Kivuko kile kilikuwa kimekwisha vuka karibu maji yote kikiwa na watu walewale na mizigo ileile. Kwa nini kisipinduke katikati ya ziwa, kikapinduka karibu na gati?

Jibu liko katika namna chombo kinavyoelea. Uzito wote, yaani bodi, injini, magari na watu, unakivuta chini kana kwamba umekusanyika mahali pamoja. Mahali hapo ndipo kitovu cha uzito. Maji nayo yanakisukuma juu, na msukumo huo una kitovu chake katikati ya sehemu iliyozama. Chombo kikilala kidogo kulia, ubavu wa kulia unazama zaidi, kitovu cha msukumo kinahamia huko, na maji yanakiinua mpaka kisimame wima tena. Ndiyo maana chombo huyumba na kurudi. Ila msaada huo wa maji una kikomo. Kitovu cha uzito kikipanda juu mno, au kikihama upande zaidi kuliko maji yanavyoweza kukifidia, chombo hakirudi. Kikishavuka kikomo hicho, hupinduka kabla nahodha hajapata la kufanya.

Mabaharia wa pwani yetu walilijua hili zamani. Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa ya chombo, ili uzito ukae chini na chombo kitulie. Abiria hufanya kinyume cha farumi: husimama juu ya sitaha, na kila mmoja huwa na kitovu chake cha uzito karibu mita moja juu ya nyayo zake. Tena farumi haisogei. Abiria ana miguu.

Kwa hiyo idadi inayoandikwa kwenye cheti cha chombo haihesabiwi kwa viti peke yake. Mkaguzi huanza na jaribio la kuinamisha: uzito unaojulikana huhamishwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na timazi iliyoning'inizwa ndani, kama ile ya fundi mwashi, huonyesha chombo kimelala kiasi gani. Hapo hupatikana kitovu cha uzito. Kisha huja hesabu ya watu. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, humhesabu abiria mmoja kuwa na kilo 75, huwakadiria abiria wamesongamana wanne katika kila mita ya mraba upande mmoja wa meli, na kutaka meli isilale zaidi ya nyuzi 10 hata wakifanya hivyo. Kwa maneno mengine, mkimbio wa abiria kwenda upande mmoja umo tayari ndani ya hesabu. Lakini umo kwa idadi iliyoidhinishwa tu. Ukiongeza watu, umeifuta hesabu yote.

Tuirudie MV Nyerere kwa kipimo hicho. Abiria 160 wa ziada, kila mmoja kwa kilo 75, ni tani 12, kwenye kivuko kilichojengwa kubeba tani 25 za mzigo. Magunia ya mahindi yakipangwa vizuri na kufungwa hubaki yalipo. Tani 12 za watu hazifungwi kamba. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, nacho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 300 kilipopakia kama 400 tarehe 29 Aprili 1994. Kilipinduka mita 40 hivi kutoka gatini, na watu 272 wakapoteza maisha.

Wala tusidhani haya ni ya nchi maskini peke yake. Tarehe 24 Julai 1915, meli Eastland ilipinduka katika mto wa Chicago, Marekani, ikiwa bado imefungwa gatini. Ilikuwa na watu zaidi ya 2,500, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda na familia zao waliokuwa wakienda matembezini. Walikufa 844, hatua chache kutoka nchi kavu. Meli hiyo ilijulikana kuwa haitulii, na kutulia kwake kulitegemea maji yaliyokuwa yakijazwa na kutolewa katika matangi ya farumi. Tena baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, ilikuwa imeongezewa mashua na maboya ya kuokolea watu, na vyote viliwekwa juu. Vifaa vya uokoaji vilipandisha kitovu cha uzito wa meli iliyokwisha kuwa na kasoro.

Mzigo mwingine wenye miguu ni maji yenyewe. Jaza maji nusu katika sinia pana, kisha ulibebe: ukiinama kidogo tu, maji yote yanakimbilia upande ulioinama na kukuzidi nguvu. Sitaha ya magari ni pana na haina vizuizi, hivyo maji machache yakiingia hufanya vivyo hivyo. Meli Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 milango yake ya mbele ikiwa wazi. Ilipinduka muda mfupi baadaye na watu 193 wakafa. Tukirudi kwenye idadi ya watu, hapa kwetu MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu 645. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba iliwabeba zaidi ya 2,000. Na idadi si kikomo pekee: mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam na kupinduka karibu na Chumbe ikiwa na watu wapatao 290. Skagit ilikuwa imefanya kazi miaka mingi katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, Marekani. Mkondo wa Zanzibar msimu wa kusi una mawimbi ya namna nyingine kabisa. Chombo hupewa cheti kwa maji fulani, na uthabiti wake katika ghuba iliyotulia si dhamana ya bahari iliyochafuka.

Yapo pia ya kujifunza kuhusu chombo kilichokwisha pinduka. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilibaki ikielea kifudifudi kwa muda, watu wakigonga kutoka ndani. Kilichokuwa kinaishikilia juu ya maji ni hewa iliyonaswa chini ya bodi. Waokoaji walipotoboa ili wawatoe, hewa ilitoka na meli ikazama. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Miaka 22 baadaye, fundi mmoja wa MV Nyerere alitolewa akiwa hai siku mbili baada ya ajali, kwa sababu alikuwa katika nafasi iliyobaki na hewa. Hewa hiyo ndiyo uhai wa walio ndani na ndiyo inayobeba bodi, kwa hiyo mwokoaji hatakiwi kukata chochote kabla bodi haijashikiliwa kwa nyaya au maboya.

Kigamboni ilipata jibu moja mwaka 2016, Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680 na njia sita lilipofunguliwa Kurasini. Nguzo za daraja zimeshikwa ardhini, kwa hiyo umati ukisimama ukingo mmoja hauligeuzi. Hata hivyo madaraja nayo huhisi nyayo: daraja la waenda kwa miguu la Millennium, London, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye, kwa kuwa lilikuwa likiyumba kiubavu na watembeaji, bila kujua, wakawa wanakanyaga kwa mwendo uleule mmoja na kuzidisha kuyumba huko. Lakini Daraja la Nyerere liko mbali kwa mtembea kwa miguu anayekwenda Posta au Kivukoni. Huyo ataendelea kupanda pantoni, na usalama wake utaendelea kutegemea hesabu tuliyoieleza.

Kwa msimamizi, hesabu hiyo inadai mambo mawili. La kwanza ni geti linalofungwa idadi ikitimia, hata kama foleni ya asubuhi imefika barabarani na watu wanapiga kelele. Mashine ya kadi inaweza kuhesabu, lakini kusimamisha watu ni uamuzi wa binadamu, na nahodha anayekataa kuondoka na ziada anastahili kulindwa na wakubwa wake. La pili ni mlango unaobaki na kizuizi mpaka chombo kifungwe.

Kwa abiria, kanuni ni chache. Usipande chombo unachokiona kimejaa. Spice Islander iliwaacha gatini watu waliogoma kupanda, nao wakabaki hai. Ukishapanda, kaa au simama katikati, mizigo iwe chini. Wale wa Kinondoni wanaotoka Kunduchi kwenda Mbudya au Msasani kwenda Bongoyo wakumbuke kwamba boti ndogo ina kikomo kidogo zaidi: watu kumi wakiinuka pamoja kupiga picha upande mmoja, ni robo tatu ya tani imehama. Vaa jaketi la kuokolea kabla ya safari, kwa sababu chombo kikipinduka hutapata nafasi ya kulitafuta. Na pantoni ikikaribia gati, baki ulipo mpaka ifungwe. Daladala nyingine itakuja.