Alhamisi Mbili za Agosti

Mwaka wa mitihani wa England hufungwa kwa Alhamisi mbili. Ya kwanza, katikati ya Agosti, hutoka matokeo ya A-level ya vijana wa miaka 18. Ya pili, wiki moja baadaye, hutoka ya GCSE ya wale wa miaka 16. Mwaka 2025 zilikuwa tarehe 14 na 21. Karatasi za mwisho hufanywa kabla Juni haijaisha, hivyo mzazi wa Barking, East Ham au Tottenham hukaa takriban wiki nane bila kujua lolote. Kwa familia za Afrika Mashariki, wiki hizo zina kelele zake. Matokeo ya kidato cha sita ya Tanzania kwa kawaida yameshatoka Julai, pongezi za mabinamu zimejaa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na shangazi anapiga simu kutoka Tanga: "Na wa kwenu huko, kapata divisheni gani?"

Kwa England swali hilo halina jibu, na wazazi wengi huanza kupotea hapo hapo.

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, hujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa wa kidato cha nne amefanya vizuri zaidi, kisha humpa divisheni moja. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza. Mwenye 34 au 35 ana sifuri. Kenya nayo hutoa wastani wa gredi, kuanzia A hadi E. England haijumlishi chochote. Kila somo husimama kivyake, na mtoto anaweza kuwa na gredi ya juu kabisa ya historia na ya chini ya hesabu kwenye karatasi moja, pasipo mtu wa kumwambia kwa neno moja amefaulu au ameanguka.

Halafu kuna namba zenyewe. Mzazi aliyesoma Tanzania amekua akijua kwamba moja ni heshima. Aliyesoma Uganda alikuta D1 ndiyo gredi bora na F9 ndiyo kuanguka, na mfumo huo ulidumu miongo mingi. GCSE, tangu ilipoanza kuacha herufi mwaka 2017, imepanga kinyume: 9 iko juu kabisa, 1 iko chini. Bibi aliyeko Masaka akisomewa "tisa, nane, tisa" kwenye simu ana haki ya kushtuka. Gredi 4 inaanzia pale ilipoanzia C ya zamani, 7 pale ilipoanzia A, na 5 huhesabiwa kuwa kufaulu kwa nguvu.

Gredi 4 ndiyo ya kuangaliwa kwanza, katika masomo mawili: hesabu na lugha ya Kiingereza. Asiyeifikia anaendelea kuyasoma masomo hayo sambamba na kozi nyingine yoyote atakayochagua, na tangu 2014 serikali imelifanya hilo kuwa sharti la chuo kupewa fedha za kumfundisha. Marudio ya Novemba ni ya masomo hayo mawili tu. Kwa hiyo kijana mwenye 3 ya hesabu hajafungiwa mlango. Anaingia chuo Septemba na kurudia mtihani miezi miwili baadaye.

Jambo ambalo wazazi wengi hugundua wakiwa wamechelewa ni ngazi za mtihani. Hesabu, sayansi na lugha za kigeni hufanywa katika ngazi mbili, na ile ya chini, iitwayo Foundation, ina dari: gredi yake ya juu kabisa ni 5. Shule nyingi hudai 6 au 7 kabla ya kumruhusu mwanafunzi kuchukua hesabu ya A-level. Mtoto aliyeandikishwa ngazi ya chini hakuwa na njia ya kupata 7, hata angejibu kila swali. Kumgombeza Agosti kwa sababu ya 5 yake ni kumwonea. Uamuzi wa ngazi ulifanywa shuleni miezi mingi kabla, na mahali pa kuuhoji palikuwa kikao cha wazazi na walimu, mtoto akiwa mwaka wa 10 au wa 11 wa shule.

Na katika wiki zile nane, kazi gani inafanyika? Karatasi hupigwa picha na kutumwa kwa wasahihishaji, wengi wao walimu wanaofanya kazi hiyo kwenye kompyuta majumbani mwao, chini ya bodi kama AQA, Pearson Edexcel na OCR. Alama zikishakusanywa ndipo bodi hukaa kuamua mipaka: ngapi zinatosha kwa 4, ngapi kwa 7. Wanaangalia karatasi ilikuwa ngumu kiasi gani ikilinganishwa na ya miaka iliyopita, na mdhibiti wa serikali, Ofqual, husimamia. Karatasi ikiwa ngumu, mpaka hushuka. Mwaka 2017, mtihani mpya wa hesabu ulipofanywa kwa mara ya kwanza, mtahiniwa wa ngazi ya juu aliweza kupata 4 kwa chini ya robo ya alama zote. Ndiyo maana machozi ya siku ya mtihani si kipimo cha chochote. Mtoto aliyetoka chumbani akilia kwamba karatasi ilikuwa haiwezekani, mara nyingi ameikuta haiwezekani pamoja na nchi nzima.

Nani anaamua mpaka, na kwa kanuni ipi, ni suala lililowahi kutikisa mataifa mawili ambayo wasomaji wengi wa makala haya wanayafahamu. Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Tanzania, watahiniwa zaidi ya 240,000, kama 6 kati ya 10, walikuwa na divisheni sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na Mei mwaka huo serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Majibu ya watoto yalibaki yale yale; kilichobadilika ni kanuni ya kugeuza alama kuwa gredi, na maelfu wakavuka kutoka kuanguka hadi kufaulu.

Miaka saba baadaye ikawa zamu ya England. Mitihani ya 2020 ilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, na Ofqual ikatumia fomula ya kompyuta iliyochukua mpangilio wa wanafunzi uliotolewa na walimu wao na kuuoanisha na historia ya matokeo ya shule. Tarehe 13 Agosti karibu gredi 4 kati ya kila 10 za A-level zilitoka chini ya walizopendekeza walimu. Mwanafunzi hodari katika shule ambayo huko nyuma haikufanya vizuri aliburutwa na historia ya watu asiowajua. Madarasa madogo sana, ambayo ni ya kawaida zaidi katika shule za kulipia, yalipimwa zaidi kwa makadirio ya mwalimu, yakanusurika. Vijana waliandamana London, na tarehe 17 serikali ikaachana na fomula na kurudi kwenye gredi za walimu. Familia zilizokuwa na mtoto katika kundi lile hazijazisahau siku hizo nne.

Athari zake ziliendelea ndani ya nyumba. Mwaka 2019 gredi za A na A* zilikuwa asilimia 25.4 ya gredi zote za A-level nchini Uingereza. Mwaka 2021, chini ya makadirio ya walimu, zilifika 44.8; mwaka 2023, mipaka iliporudishwa karibu na ilivyokuwa kabla ya janga, zikashuka hadi 27.2. Kaka wa 2021 mwenye A tatu na dada wa 2023 mwenye B tatu huenda wamekaribiana zaidi kuliko karatasi zao zinavyosema. Baba anayeziweka mbili hizo mezani na kuuliza "mwenzako aliwezaje?" analinganisha vipimo viwili tofauti, na binti ndiye anayelipa.

London inaongeza presha ya aina yake. Tangu mpango wa kuinua shule wa London Challenge uanzishwe 2003, shule za jiji hili zimepanda hadi kufanya vizuri kuliko za maeneo mengine ya England. Mwaka 2021 shule ya Brampton Manor ya East Ham, shule ya serikali katika mtaa wenye familia nyingi maskini, ilipata ofa 55 za Oxford na Cambridge. Habari hiyo ilizunguka misikitini na makanisani, na ni habari ya kujivunia kweli. Lakini ilizalisha pia wazazi wanaoamini kwamba chochote chini ya hapo ni aibu, na vijana wanaolala macho wiki nzima kabla ya Alhamisi. Simu ya Childline, 0800 1111, ni ya bure, na kijana hahitaji ruhusa ya mzazi kuipiga.

Asubuhi ya A-level ina mwendo wake, na mgeni wa mfumo huu hushangaa jinsi mzazi anavyowekwa pembeni. Matokeo hayabandikwi ukutani wala hayawekwi kwenye tovuti kwa namba ya mtahiniwa kama ya NECTA. Ni ya kijana, na shule humpa yeye. Saa mbili asubuhi au baada yake kidogo, ukurasa wake wa UCAS, shirika la maombi ya vyuo vikuu, humwonyesha kama chuo alichokipa nafasi ya kwanza kimemkubali. Kama hakikumkubali, kipo cha akiba. Kama nacho kimemkataa, kuna mpango wa Clearing, ambamo vyuo hujaza nafasi zilizobaki. Huko vyuo hutaka kuzungumza na mwombaji mwenyewe. Mama anayejua kujieleza kuliko mwanawe atataka kuishika simu, lakini ataombwa amrudishie, isipokuwa kama kijana alishamsajili kwenye ombi lake kuwa mtu wa kumsemea.

Kuikosa gredi iliyotabiriwa si jambo la ajabu hata kidogo. Mwaka 2016 mtafiti Gill Wyness alionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata hasa gredi walizotabiriwa na walimu. Asilimia 75 walitabiriwa zaidi ya walichopata. Mzazi anayejua hilo mapema ataweza kukaa na kijana wake Julai na kuandika pamoja majina ya kozi tano au sita na namba zao za simu, badala ya kuanza kutafuta saa tatu asubuhi mikono ikitetemeka. Anayeshuku usahihishaji naye ana njia ya rufaa, lakini ombi hupitia shuleni, lina tarehe ya mwisho, na gredi inaweza kushuka badala ya kupanda.

Kuna familia ambazo kwao gredi siyo kikwazo kikubwa. Kijana aliyeletwa London akiwa mdogo na bado ana kibali cha muda anaweza kupata A tatu na kukuta hana haki ya mkopo wa serikali, huku chuo kikimtoza ada ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo kwa kozi nyingi za London huvuka pauni 20,000 kwa mwaka. Mwenzake anayehesabiwa mkaazi alilipa pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26, tena kwa mkopo. Beaurish Tigere, aliyezaliwa Zambia na kufika Uingereza akiwa na miaka 6, aliupinga utaratibu huo hadi Mahakama ya Juu na kushinda Julai 2015. Kutokana na kesi yake ikaja kanuni ya ukaazi wa muda mrefu: aliye chini ya miaka 18 awe ameishi nchini miaka 7, aliyefikisha 18 awe ameishi nusu ya umri wake au miaka 20, na wote wawe na miaka 3 ya kuishi kihalali kabla ya kozi kuanza.

Hesabu hiyo hupigwa kufikia siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, ambayo kwa kozi za msimu wa vuli ni tarehe 1 Septemba. Binti aliyetua Heathrow akiwa na miaka 9 na miezi 2, na atakayekuwa na miaka 18 na mwezi 1 siku hiyo, ameishi Uingereza miaka 8 na miezi 11: nusu ya umri wake haijatimia kwa muda mfupi tu. Akianza kozi mwaka unaofuata atakuwa na miaka 19 na mwezi 1, kati yake miaka 9 na miezi 11 ya Uingereza, na nusu itakuwa imepita. Mwaka huo mmoja wa kungoja, kwa hiari, unaweza kumpa mkopo ambao A zake tatu hazikuweza kumpa, mradi vibali vyake viko sawa na chuo kimekubali kumwekea nafasi. Pasipoti yenye muhuri wa kuingia, barua za shule ya msingi na za daktari wa mtaa ndizo ushahidi, na zinaweza kukusanywa katika wiki zile nane.