Mkia Usiotosha: Utambuzi wa Tijeral katika Vichaka vya Chile

Katika vichaka vya Chile ya kati, ambako mti wa miiba uitwao espino, jamaa ya migunga, umetapakaa mabondeni na vilimani, huishi ndege mdogo ambaye wenyeji humwita tijeral. Jina hilo limetokana na neno la Kihispania tijera, yaani mkasi. Manyoya ya katikati ya mkia wake ni marefu kuliko mengine, nazo ncha zake zilizochongoka huachana mithili ya mkasi uliofunguliwa kidogo. Urefu wa ndege mzima ni takribani sentimita 16, na sehemu kubwa ya kiasi hicho ni mkia.

Hata hivyo, anayemtafuta kwa mkia pekee aghalabu hupotea. Manyoya hayo membamba huchakaa kwa kupenyezwa vichakani na matunduni, na hatimaye hupukutika ili mengine yaote. Aidha, msomaji wa Kiswahili aliyezoea fumbwe huenda akadhani kwamba mkia mrefu ni pambo la dume msimu wa kuzaana. La hasha! Tijeral dume na jike hufanana.

Alama za kutegemewa zimo kichwani na mgongoni. Utosi ni mweusi wenye michirizi ya rangi ya kutu. Juu ya jicho hupita mstari mweupe. Koo nalo ni jeupe. Mgongo ni wa kijivu kilichochanganyika na hudhurungi, tena hauna mchirizi wowote. Sifa hii ya mgongo ndiyo humtenga na jamaa yake wa milima ya Andes, Leptasthenura andicola, mwenye mgongo wa michirizi myeupe. Huko Argentina yuko pia Leptasthenura platensis, ambaye hubainishwa na kishungi.

Mwenendo nao ni ushahidi. Tijeral huning'inia kichwa chini kwenye vitawi akidona wadudu, huku akitoa sauti nyembamba ya kutetemeka. Chercán, anayeonekana katika vichaka hivyo hivyo, ana mkia mfupi wenye milia, ambao huusimamisha wima.

Mwaka 1830, Kittlitz alipomwainisha ndege huyu, alimpa jina aegithaloides, yaani anayefanana na Aegithalos, ndege mdogo wa Ulaya mwenye mkia mrefu. Mfanano huo ni wa umbo na mwenendo tu, wala si wa nasaba. Tijeral ni wa familia ya Furnariidae, aliko hornero, fundi ajengaye kiota cha udongo mfano wa tanuri. Ajabu ni kwamba tijeral hakurithi ufundi huo: hutaga mashimoni au katika viota vilivyoachwa na ndege wengine.

Kwa mfasiri, basi, swali la jina si dogo. Akifuata jina la kisayansi, atamhusisha ndege huyu na ukoo usio wake. Tafsiri ya jina la wenyeji, tuseme mkiamkasi, ni afadhali, kwani angalau hueleza kinachoonekana. Lakini ndege wenye mikia iliyogawanyika ni wengi, mbayuwayu akiwemo. Neno hilo likiingizwa kamusini, fasili yake haina budi kuutaja utosi wenye michirizi na mgongo usio nayo.