Tundu la Duara na Tundu la Bapa: Yampasayo Katibu Kuyajua Juu ya Kibodi na Kipanya

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ndiyo msingi wa kazi ya kila katibu wa chama cha msingi, tangu siku za leja zilizoandikwa kwa wino hata leo, ambapo hesabu za vyama vingi huwekwa katika kompyuta. Uzito wa tumbaku ya kila mkulima, pembejeo alizokopeshwa, makato na malipo yake, yote hupita mikononi mwa karani na kuingia ndani ya mashine kwa njia ya vifaa viwili vidogo: kibodi, yaani ubao wa herufi, na kipanya. Vifaa hivyo vikikataa kufanya kazi, daftari limefungwa, hata kama kila kilichomo ndani yake ni salama.

Mara nyingi taabu haitoki katika kibodi yenyewe, bali katika tundu ichomekwamo. Yako matundu ya zamani yaliyo ya duara, na yako matundu mapya yaliyo bapa. Katibu asiyejua tofauti yake huweza kununua kifaa kisichoingia, au kuiunguza mashine iliyokuwa nzima, au kulishauri bodi liitupe kompyuta ambayo bado ingewatumikia wanachama. Kwa kuwa gharama ya makosa hayo hutoka katika mfuko wa chama, yafaa jambo hili lieleweke na watu wote, si mafundi peke yao.

Somo la njia ya misafara

Wakazi wa Tabora hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi walibeba nguo, nyaya na ushanga wa kununulia chakula njiani. Lakini ushanga haukuwa wa namna moja. Rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa mahali pengine, na kiongozi wa msafara aliyekosea kuchagua alijikuta na mizigo tele asiyoweza kuinunulia hata kibaba cha mtama. Bidhaa ilikuwa nzuri. Haikukubalika tu pale ilipopelekwa.

Reli nayo ina fundisho lake. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, upungufu wa upana wa kiganja, lakini yatosha kulizuia behewa la reli moja lisipite juu ya reli ya pili. Ndiyo maana huko Kidatu, mahali reli hizo zikutanapo, shehena hupaswa kuhamishwa. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435, nayo haipokei mabehewa ya zamani.

Matundu ya kompyuta ni vivyo hivyo. Kibodi ni behewa, tundu ni reli. Visipolingana, ubora wa kimoja hauwezi kufidia kasoro ya upatanifu.

Matundu hayo yalitoka wapi

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo ya mezani. Kibodi yake ilichomekwa katika tundu kubwa la duara lenye pini 5. Kipanya kilipoanza kutumika katika mashine za namna hiyo, aghalabu kilichomekwa kwingine kabisa, katika tundu refu lenye pini 9 lililotumiwa pia na modemu.

Mwaka 1987 kampuni hiyo hiyo ilitoa kompyuta iliyoitwa Personal System/2. Humo yalionekana matundu mawili madogo ya duara yenye pini 6, moja la kibodi na moja la kipanya. Mashine yenyewe haikudumu sana sokoni, lakini matundu yake yaliigwa na watengenezaji wengine duniani kote, na hata leo huitwa PS/2 kwa jina la mashine hiyo. Baadaye yalipakwa rangi ili watu wasikosee: zambarau kwa kibodi, kijani kwa kipanya.

Mwezi Januari 1996 kundi la kampuni saba, zikiwamo Intel, Microsoft na IBM yenyewe, zilitangaza kanuni ya tundu jipya lililoitwa USB. Kusudi lake lilikuwa kukomesha utaratibu wa kila kifaa kuwa na tundu lake: tundu moja bapa lipokee kibodi, kipanya, printa na vinginevyo. Mwaka 1998 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya iMac isiyokuwa na matundu ya zamani kabisa, na kuanzia hapo USB ikaenea upesi.

Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na marufuku hiyo ililegezwa katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha mashine hizo kilipita mbali na ofisi nyingi za mikoani, na zile zilizofika baadaye zilikuja zikiwa zimechanganyika: nyingine zina matundu ya duara, nyingine bapa, na nyingine zina yote mawili.

Jinsi kila tundu lifanyavyo kazi

Ndani ya waya wa PS/2 nyuzi nne ndizo zifanyazo kazi. Mbili huleta umeme wa volti 5, moja hupitisha habari, na moja hupiga mapigo ya kuongoza mwendo wa habari hizo. USB ya kawaida nayo ina nyuzi nne: mbili za umeme wa volti 5, na mbili zinazopitisha habari kwa pamoja. Mpaka hapo tofauti si kubwa. Tofauti iko katika desturi ya mazungumzo.

Kibodi ya PS/2 ni kama mwanachama apigaye hodi katika dirisha la karani. Herufi ibonyezwapo, kibodi hupeleka habari papo hapo, na kompyuta husimamisha kazi yake kwa nukta ili ipokee. Kibodi ya USB ni kama mwanachama aketiye kwenye benchi akingoja kuitwa. Kompyuta ndiyo iulizayo kila kifaa kwa zamu: je, kuna neno? Kipanya cha kawaida cha USB huulizwa mara zipatazo 125 kwa sekunde, kwa hiyo mtumiaji hahisi kuchelewa kokote. Karani anayeandika orodha ya malipo hatapata tofauti ya mwendo kati ya namna hizi mbili, wala haipasi chama kulipa zaidi kwa ahadi ya namna hiyo.

Kutokana na desturi hizo hutokea jambo kubwa la matumizi. Kompyuta huvitambua vifaa vya PS/2 wakati inapowaka. Kibodi ikichomoka katikati ya kazi, kuirudisha huenda kusisaidie mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Tena, tundu hilo halikutengenezwa lichomekwe wakati umeme unapita. Kufanya hivyo huweza kuunguza sehemu ndogo iliyomo katika ubao mkuu wa mashine. USB, kinyume chake, ilikusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Vipande vyake vya umeme vimefanywa virefu kuliko vile vya habari, ili umeme utangulie kukaa sawa kabla ya mazungumzo kuanza.

Adapta na udanganyifu wake

Madukani hupatikana adapta ndogo, mara nyingi ya rangi ya kijani au zambarau, ya kugeuza kichwa cha USB kiwe cha duara. Wengi huidhania kuwa ni mkalimani. Sivyo. Adapta hiyo ni nyaya tupu zilizounganishwa. Haifasiri lugha yoyote. Itafaa endapo tu kibodi au kipanya chenyewe kilitengenezwa kikijua lugha zote mbili, kama vilivyokuwa vingi vya miaka ya mwisho ya 1990 na miaka ya 2000. Vifaa vingi vya siku hizi hujua USB tu, navyo vitakaa kimya hata adapta iwe mpya.

Kwa upande wa pili, mwenye kibodi nzuri ya duara atakaye kuitumia katika mashine isiyokuwa na tundu hilo hana budi kupata kigeuzi chenye saketi ndani yake, ambacho husoma habari za PS/2 na kuzitamka upya kwa lugha ya USB. Hicho ndicho mkalimani wa kweli. Kanuni ya kununua ni moja: kijaribiwe mbele ya macho, katika mashine ileile itakayotumika, kabla ya stakabadhi kuandikwa.

Kompyuta mpakato za karibuni zimeleta tundu la tatu, dogo lenye ncha za mviringo, liitwalo USB-C, lililotangazwa mwaka 2014. Kichwa chake huingia upande wowote. Baadhi ya mashine hazina tundu jingine ila hilo, na kibodi ya USB ya kawaida itahitaji adapta. Hapa adapta ndogo hutosha, kwa sababu lugha ni ileile ya USB. Kilichobadilika ni umbo la mlango.

Faida ya mlango mwembamba

Isidhaniwe kwamba cha zamani hakina thamani. Tundu la PS/2 halipokei kitu kingine ila kibodi na kipanya. USB hupokea kila mgeni, na mmoja wa wageni hao ni flashi. Msimu wa masoko, flashi hutoka ofisi moja kwenda nyingine ikibeba orodha za wakulima, na huweza kubeba virusi vya kompyuta pamoja nazo. Zaidi ya hayo, mwaka 2014 wataalamu walionyesha hadharani kwamba kifaa chenye sura ya flashi chaweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi, kisha kikaandika amri chenyewe. Kompyuta hukiamini, maana imezoea kuitii kibodi. Kwa sababu hiyo ziko ofisi zinazofunga matundu ya USB na kuacha yale ya duara yatumike. Mafundi nao hulipenda tundu la duara kwa sababu nyingine: mfumo wa Windows 7 haukuwa na programu za kuzitambua saketi za USB 3.0, hata mashine kadhaa zilizotoka baada ya mwaka 2015 zikakataa kibodi za USB wakati wa kuuweka mfumo huo, ilhali kibodi ya PS/2 ilikubaliwa.

Kabla ya kuihukumu mashine

Kompyuta isiyoitikia kibodi si lazima iwe imekufa. Katibu afuate hatua hizi kwa utaratibu:

1. Aizime mashine kabisa kabla ya kugusa kichwa cha duara.

2. Atazame kama kibodi na kipanya havikubadilishana matundu. Umbo lao ni moja, lakini kazi ni mbalimbali. Tundu lenye nusu zambarau na nusu kijani hupokea kimojawapo.

3. Atazame pini. Moja ikiwa imepinda, asilazimishe; inyoshwe taratibu. Vumbi la kiangazi lipanguswe kwa brashi laini iliyo kavu.

4. Aijaribu kibodi nyingine iliyo nzima katika tundu lilelile.

5. Tundu la duara likiwa limekufa, ajaribu kibodi ya USB. Mara nyingi mashine itaendelea kutumika kwa gharama ya kibodi moja tu.

6. Ikiwa kibodi ya USB hufanya kazi baada ya mashine kuwaka lakini si mwanzoni, fundi aangalie mipangilio ya kuwaka, ambamo huenda USB imefungwa.

Hayo yote yakishindikana ndipo fundi aitwe, na maoni yake yaandikwe kabla bodi halijaamua. Vilevile umri wa mashine upimwe kwa mambo mengine. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025; kompyuta yenye matundu mazuri lakini mfumo usiolindwa haifai kuwekewa hesabu za watu na kuunganishwa na intaneti.

Mashine ikiondolewa, diski yake itolewe kwanza na kuhifadhiwa au kuharibiwa kwa kumbukumbu ya maandishi. Humo mna majina ya wanachama, namba zao za benki na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu vyama kama inavyozihusu taasisi nyingine, na mkaguzi wa COASCO atakapouliza kumbukumbu za misimu iliyopita, jibu kwamba kibodi iligoma halitampa mkulima haki yake.

Kila ofisi ya chama yafaa iwe na kibodi moja ya akiba na kipanya kimoja cha akiba, vyenye vichwa vinavyolingana na matundu yaliyopo, navyo viandikwe katika daftari la mali. Ni vitu vidogo. Lakini siku ya malipo, wanachama wakiwa wamepanga foleni nje tangu alfajiri, ndivyo vitakavyoamua kama watarudi nyumbani na fedha zao au na maneno matupu.