Kadi ya Nyigu Haihifadhiwi Kwenye Friji

Je, mkulima aliyenunua kadi ya nyigu wa kupambana na viwavijeshi vamizi anaweza kuiweka kwenye friji akisubiri mvua? Jibu ni la. Sababu iko katika namna wadudu hawa wanavyolala.

Viwavijeshi vamizi viliripotiwa nchini Kenya mwaka wa 2017. Nyigu aina ya Trichogramma, ambaye hafiki milimita moja, hutaga ndani ya mayai ya nondo. Buu wake hula yai hilo kutoka ndani, na kiwavi hatoki. Nyigu huyu haumi watu wala hali mimea.

Usingizi unaopangwa na mama

Katika nchi zenye majira ya baridi, buu huyu husimamisha ukuaji kwa miezi kadhaa hadi joto lirudi. Mama ndiye anayemwandaa. Akiishi wakati siku ni fupi, watoto wake wakapatwa na baridi ya wastani, wengi wao hulala.

Baadhi ya nyigu hawa huzaa bila dume. Bakteria aitwaye Wolbachia, anayeishi mwilini mwao, hufanya jike azae majike pekee. Ungedhani ukoo wa namna hiyo ungekuwa na tabia moja. Sivyo. Watafiti wa Taasisi ya Zoolojia mjini St. Petersburg, Urusi, wameonyesha kwamba mwelekeo wa kulala hubadilika kizazi hadi kizazi. Nyigu aliyetoka usingizini huzaa watoto wasiolala kwa urahisi, na hali hiyo huweza kuendelea kwa vizazi kadhaa.

Maana yake kwa mkulima

Kulaza nyigu ni kazi ya maabara inayodhibiti mwanga, baridi na vizazi. Kwa kawaida nyigu walio kwenye kadi unayouziwa hawajaandaliwa kulala. Wako karibu kutoka. Friji ya nyumbani haiwalazi. Wakikaa humo kwa muda mrefu, hudhoofika na kufa, nawe utaning'iniza kadi tupu huku mahindi yakiliwa.

Kwa hivyo:

- Agiza kadi unapoanza kuona nondo au mayai yao shambani, si mapema.
- Ining'inize siku uliyoelekezwa na muuzaji, mahali penye kivuli kati ya mimea.
- Usipulize dawa ya wadudu wakati huo, kwani huua nyigu pia.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua.